Usifunge tairi za 195/50R15 kwenye Kombi yenye kitanda

Ndugu, umeuliza kama 195/50R15 zinafaa kwa Kombi ya 1972 (basi dogo la Volkswagen) uliyoishusha iwe karibu na ardhi, yenye kitanda na jiko ndani. Hazifai, tena ni hatari. Soma ubavuni mwa tairi: saizi hiyo mara nyingi imeandikwa namba ya uzito 82, yaani tairi moja inabeba hadi kilo 475. Tangi likijaa maji na watu wakapanda, uzito kwenye ekseli ya nyuma peke yake unaweza kuzidi kilo 950, uwezo wote wa tairi zake mbili. Zile za asili, 185R14C, nyingi ni namba 102: kilo 850 kila moja. Mimi ningetafuta 195/65R15 zilizoimarishwa, namba 95, kilo 690. Kimo chake pia kinakaribia cha asili, kwa hiyo spidomita haipotoki sana.

Mbele, weka spindo za kushushia, yaani vishikio vya magurudumu vilivyotengenezwa kwa kushusha gari. Gari inashuka lakini springi inabaki na nafasi yake ya kucheza. Ukishusha kwa toshenibaa (vyuma vinavyojisokota kufanya kazi ya springi) pekee, tafuta shokapu fupi. Nyuma, tairi zikiinamia ndani hulika upande wa ndani, basi pima alaimenti gari ikiwa na mzigo wake wote.