Jibu: Mswada wenye wafuasi wengi unaangukaje?

Ndugu, umeuliza inakuwaje mswada wenye wafuasi wengi bungeni uanguke bila mtu kuhongwa. Mbona kirahisi tu! Chukua Baraza la Wawakilishi la Marekani, Julai 1956.

Mswada ulihusu fedha za serikali kuu za kujenga shule. Adam Clayton Powell, mbunge wa Harlem jijini New York, akaleta marekebisho: shule zinazobagua watoto kwa rangi zisipate hata senti. Utaratibu ni kwamba marekebisho hupigiwa kura kwanza, mswada mzima mwishoni. Marekebisho yakapita kwa kura 225 dhidi ya 192. Mswada, ukiwa umeshayabeba, ukaanguka: 194 waliunga mkono, 224 wakakataa.

Wademokrati wengi wa Kusini, ambako shule zilitenganisha watoto kwa rangi, walikuwa tayari kupokea fedha, ila si kwa sharti lile. Wenzao wengi wa Kaskazini walitaka vyote viwili. Utamu uko kwa Warepublican: wengi wao waliyapitisha marekebisho ya Powell, kisha wakaupinga mswada uleule. Sisemi wote walikuwa wanafiki, lakini hesabu ilijulikana. Sharti likiingia, Kusini inajitoa.

Kwa hiyo usihangaike sana na hotuba. Angalia nani anapanga kipi kitangulie na nani anaruhusiwa kuleta marekebisho. Kule kazi hiyo ni ya Kamati ya Kanuni, enzi hizo chini ya Howard Smith wa Virginia, mzee aliyeweza kuukwamisha mswada kwa kutoitisha kikao tu.