Mwani na chanjo ya malaria

SWALI: Habari za kazi. Mimi nalima mwani huku Jambiani, juzi mwanangu kanionyesha kwenye simu eti kuna mwani unatengeneza chanjo ya malaria. Ndo huu wetu? Na tukiula si tutapata kinga?
Mama Khadija, Unguja

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, sio huo mnaofunga kwenye kamba. Huo wa maabara unaitwa Chlamydomonas reinhardtii, ni wa kijani, mwili wake seli moja tu, bila hadubini huuoni, na unaishi kwenye udongo na maji baridi.

Maabara ya Stephen Mayfield kule Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichukua jeni ya kimelea cha malaria inayotoa protini iitwayo Pfs25 wakaipandikiza kwenye kloroplasti, ile sehemu ya kijani inayotumia mwanga, basi mwani ukawa unaitengeneza wenyewe. Mbona wasitumie bakteria, maana insulini inatoka huko tangu miaka ya 80? Kwa sababu Pfs25 lazima ikunjike sawasawa, yaani ipate umbo lake sahihi, na bakteria hazijui kuikunja vizuri, hamira nayo inaibandika sukari ambazo kimelea hakina, lakini kloroplasti inaikunja na sukari haibandiki. Hapo kwa kweli nawapa heko.

Mwaka 2012 wakadunga panya protini hiyo, kingamwili za panya (yaani askari wa damu wanaopambana na vimelea) wakazichanganya na damu yenye vimelea wakawalisha mbu, na maambukizi kwa mbu yakazuiwa. Hapa nielewe vizuri mama, chanjo ya aina hii haikukingi wewe uliyedungwa, mbu akikunyonya anaondoka na kingamwili zako halafu vimelea vinakwama tumboni mwake, kwa hiyo anayepona ni jirani yako na watoto wake, na ndo maana ikija itabidi kijiji kizima kichanjwe.

Kuhusu kula, walijaribu 2013: waliunganisha Pfs25 na kipande kisicho na madhara cha sumu ya kipindupindu, mwani wakaukausha, panya wakala. Kinga ya Pfs25 ikatokea utumboni, ila ile ya kwenye damu, ambayo ndo mbu anainyonya, haikutokea. Kwa hiyo bado, na kingine kinachokwamisha ni kwamba mwani unatoa protini kidogo.

Kwa sasa mtu akikuletea vidonge vya mwani eti vya malaria usinunue, na mtoto akichemka mpeleke kituoni akapimwe siku hiyo hiyo.