Skrini yang'aa, picha yatoka na giza

SWALI: Picha zangu hupendeza kwenye kompyuta, lakini zikichapishwa zinakuwa na giza, nywele na nguo nyeusi zinashikana. Je, printa ni mbovu?

JIBU: Mara nyingi printa haina kosa. Skrini nyingi hutoka kiwandani na mwangaza mkali mno, kandela (kipimo cha mwangaza) 250 au zaidi kwa mita ya mraba, hivyo unapoihariri picha unaipunguza mwanga bila kujua. Karatasi haina taa yake. Huakisi tu mwanga inaoupata.

Washa skrini nusu saa kabla ya kuipima. Zima mwangaza unaojirekebisha wenyewe, pamoja na hali ya usiku inayotia umanjano. Kwa kifaa cha kupimia rangi, weka kandela 80 hadi 120, weupe kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), gama 2.2 (jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe). Huna kifaa? Fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe kando yake chini ya taa unayotazamia picha, kisha shusha mwangaza mpaka vilingane. Rangi usizirekebishe kwa macho: huzoea haraka na kukudanganya.

Mwisho, itazame picha kwenye programu ya kuhariri kupitia profaili ya karatasi utakayotumia, yaani faili inayoeleza jinsi printa na karatasi hiyo zinavyotoa rangi. Karatasi isiyong'aa humeza vivuli, kwa hiyo vitie mwanga kidogo kabla ya kuchapisha.