Mzee wa Santuri Anajibu: Wimbo wa Mtu Aliyechoka na Siasa

Habari yako Mzee wa Santuri. Mimi ni kijana wa Kayole. Mzee wangu kila Jumapili akitoka kanisa anaweka wimbo mmoja wa Merle Haggard, ule wa kuuliza kama siku njema zimeisha kabisa, na tangu ile Juni ya 2024 ya maandamano ya vijana taarifa ya habari ikianza tu anazima TV anauweka tena. Nikimwambia tuongee mambo ya kura ya 2027 ananiambia wimbo ushasema yote. Huyo Haggard alikuwa mwanasiasa ama nini?

Kijana wangu, kwanza mwache mzee apumue. Haggard hakuwa mwanasiasa hata kidogo, alikuwa mwimbaji wa country wa Marekani, mtoto wa Oildale, hapo kando ya Bakersfield, California, alizaliwa 1937 na akalelewa kwa behewa la treni ambalo babake aligeuza nyumba, yaani behewa kabisa, halafu baba akafariki kijana akiwa na miaka 9 na hapo ndo mambo yakaharibika, ni kutoroka nyumbani, kuiba, kushikwa, kutoroka tena, mpaka 1958 akajipata San Quentin, jela yenye jina mbaya huko kwao. Alitoka 1960. Kwa hivyo 1968 akiimba Mama Tried, ya mama aliyejaribu na mtoto akashindikana, hakuwa anaokota hadithi ya mtu mwingine (ingawa kwa wimbo anasema alifungwa maisha, na hakufungwa maisha, hapo aliongeza chumvi).

Siasa ilimpata 1969. Alitoa Okie from Muskogee, wimbo uliowagonga vijana wa nywele ndefu waliokuwa wanapinga vita ya Vietnam, na kufumba na kufumbua upande wa wahafidhina ukasema huyu ni wetu. 1973 akaimba White House, ikulu yao, mbele ya rais Nixon mwenyewe. Sasa skiza vizuri huo wimbo wa mzee wako, Are the Good Times Really Over, wa 1982, kuna mahali anatamani zile siku kabla Nixon hajawadanganya wote kwa TV. Mtu aliyemwimbia akiwa kwa kiti! Na hakuhama chama, hakuita waandishi wa habari, hakusema sasa mfuateni fulani, alikuwa amechoka tu, na mtu akichoka hivo hataki umwambie mambo ya mrengo huu na mrengo ule.

Halafu angalia anavyolalamika. Hataji sera. Anataja sarafu na magari. Anatamani dola ingekuwa bado ya fedha, na hapo sisi tuna bahati maana kwa Kiswahili fedha ni pesa na fedha ni ile madini pia, Mmarekani ilibidi aimbe wimbo mzima kueleza kitu ambacho lugha yetu inasema kwa neno moja. Hakuwa anaota, 1965 serikali yao ilipitisha sheria ya kutoa fedha kwa sarafu za senti 10 na 25, pesa ikabaki na sura ile ile lakini ndani si ile. Mtu wa Kayole anaelewa hiyo bila mkalimani, si noti ya elfu bado ni noti ya elfu, ebu ingia nayo sokoni. Anatamani pia Ford na Chevy zingedumu miaka 10 kama inavyofaa. (Kuna mstari wa wanawake na kupika ambao mabinti zangu wakiwa kwa nyumba mimi naongea kwa sauti mpaka upite.)

Lakini muulize mzee kama huwa anafika mwisho. Wengi huimba ile korasi ya kuporomoka kama bonge la theluji kuelekea jehanamu wanaishia hapo, na beti la mwisho linageuka, anasema tuache kuporomoka, hizo Ford na Chevy tuzitengeneze zidumu, na siku njema hazijaisha kabisa. Wimbo ulifika namba 2 kwa chati ya country. Mzee akisema wimbo ushasema yote, mwambie sawa baba, lakini wacha uchezwe mpaka mwisho ndo tuongee 2027.

Mzee, niliskia ni Reagan alimtoa jela. Ni kweli? Mama Shiku, Umoja.

Hapana mama. 1972 Reagan akiwa gavana wa California alimpa msamaha kamili, lakini Haggard alikuwa nje miaka 12 tayari. Msamaha ulifuta kesi, haukufungua mlango.

Baada ya hapo alinyamaza mambo ya serikali? Msomaji wa Rongai.

Wapi! 2003 alitoa That's the News, akishangaa vile vyombo vya habari vilikuwa vimefunga stori ya vita ya Iraki na wanajeshi bado wanakufa, na mwaka huo huo aliwatetea Dixie Chicks, kundi la kina dada wa country, redio zilipowazima kwa kumsema rais Bush. 2005 akaimba kwamba Marekani itoke Iraki irudi kurekebisha nyumbani, barabara na madaraja. Wale waliomchukulia wao tangu Muskogee walikuna kichwa. Alifariki 6 Aprili 2016, siku ile ile alikuwa anatimiza miaka 79.

Huo wimbo wa siku njema uko kwa santuri gani na naeza ipata wapi Nairobi? Msomaji, South B.

Inaitwa Big City, santuri ilitangulia 1981, wimbo ukatolewa peke yake 1982. Jaribu pale Kenyatta Market kwa wauza santuri za zamani, na kabla ulipe iweke kwa kiganja uiangalie kwa ubavu, ikiwa imepinda kwa jua rudisha.