Mkungu niliouchora kichwa chini

Mkuu, umeuliza sisi tunaochora kwa kujitegemea mawazo tunayatoa wapi, maana wewe ukikaa mezani karatasi inabaki nyeupe mpaka usiku wa manane. Mimi niko Moshi, mwaka wa tisa huu nakula kwa penseli. Nitakueleza ya kwangu tu, wadau wengine wataongeza.

Hapo mezani ndipo unapokosea. Mimi mezani naenda kumalizia. Hili nilifundishwa na mama mmoja muuza ndizi pale soko la Mbuyuni.

Nilikuwa na kazi ya kitabu cha watoto, na ukurasa mmoja ulitaka kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga: migomba, mibuni chini yake, mfongo (mfereji wa maji) unapita pembeni. Nikajisemea, mimi mtoto wa humuhumu, kihamba nakijua. Nikajifungia chumbani nikachora mkungu mzuri kweli, ndizi zote zinatazama chini. Siku ya kupeleka kazi nikapitia sokoni kumringishia yule mama, maana nilimzoea. Akaitazama, akageuza karatasi juu chini, akaitazama tena. "Baba, sasa ndizi zimekaa sawa, ila ua ndiyo limepanda juu."

Wenzake walicheka mpaka wateja wakasogea kuona kuna nini. Na alikuwa sahihi. Mkungu ukiwa bado mgombani, kinachoning'inia chini ni ua. Ndizi zenyewe kila chana zinapinda kutazama juu. Nimepita chini ya migomba tangu natambaa, lakini nilichochora ni ndizi za kwenye meza ya genge.

Nikarudi nyumbani nikachora upya. Tangu hapo natembea na daftari dogo na penseli moja ya 2B. Sitafuti wazo, nachora kilichopo: mikono ya mtu anayemenya ndizi mshare, kamba ilivyofungwa kwenye tenga, konda alivyoning'inia mlangoni. Nyingi ya michoro hiyo haina kazi. Lakini mteja akija miezi sita baadaye anataka picha ya safari, yule konda yupo, namfungua tu.

Kazi ikishaingia naisoma stori mara mbili bila kushika penseli. Halafu nachukua kiberiti, kile cha boksi, nalilaza kwenye karatasi na kuzungushia penseli, napata fremu kumi au kumi na mbili. Ndani ya kila moja nachora wazo zima kwa dakika mbili tatu. Udogo huo unakunyima nafasi ya kurembaremba, kwa hiyo picha ikiwa mbovu inajionyesha hapohapo. Tatu za kwanza huwa takataka, ni picha ambazo kila mtu angechora. Kuanzia ya sita hivi ndiyo naanza kusikia kitu.

Chanzo kingine ni hadithi za bibi. Alitusimulia kuhusu Mawenzi na Kibo, vile vilele viwili vya Kilimanjaro: Mawenzi alivyokuwa akizimikiwa moto kila mara na kwenda kuomba kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi, ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongokachongoka. Nikamchora Mawenzi amefungwa bendeji kichwani, ameshika kijinga cha moto kilichozimika. Hakuna aliyeniagiza, na ndiyo picha iliyoniletea wateja wengi kuliko zote.

Kuhusu kuiga: mwanzoni niliwahi kuwachorea watalii twiga na tembo kwa mtindo wa Tingatinga. Hela ilikuwepo, sikatai. Ila Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mchoraji aliyeuanzisha mtindo huo, alichukua rangi ya mafuta ya dukani na vibao vya mraba, vitu vilivyokuwa karibu yake, akatoa kitu ambacho hakikuwepo. Mimi nilikuwa nachukua cha kwake kilichokwisha kuiva. Nikaacha.

Jambo moja la kiufundi litakuokoa machozi. Napaka rangi kwa Krita, ni programu ya bure. Kijani cha migomba kikiwaka kwenye kioo cha kompyuta, usikiamini. Kioo kinatoa mwanga, wino wa mashine hautoi, na kijani kikali ni moja ya rangi zinazofifia sana ukihamia CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapia. Kitabu changu cha kwanza kilitoka na migomba ya rangi ya matope. Siku hizi naomba karatasi moja ya majaribio kabla hawajachapa zote. Malipo nachukua nusu kabla ya kuanza, na marekebisho mara mbili tu. Ya tatu inalipiwa.

Umesema uko Arusha. Kesho nenda soko la Kilombero asubuhi jua halijawa kali, na kiberiti chako mfukoni, ukae karibu na wauza nyanya. Msalimie mama wa watu kwanza, ununue hata fungu moja, ndipo uombe kumchora. Ukianza kumchora kimyakimya atakufukuza, na mimi nitakuwa upande wake.