Metali nzito, madini mazito na ulimbo wa mtama

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni bwana shamba huku Newala. Naandaa kipeperushi cha wakulima wa mtama, na kichwa chake kimezua ubishi ofisini: "Jeni za protini zinazofunga madini nzito katika nafaka chini ya msongo". Mwenzangu anataka "madini mazito", mwingine "vyuma vizito". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kwa upatanisho wa kisarufi, wa "madini mazito" ameshinda. Ila neno lenyewe silo. Chumvi ya pwani ya Lindi ni madini, jasi ya Kilwa ni madini, na hakuna anayeziita metali. Chuma nacho ni metali moja tu. Ukiandika "vyuma vizito" mkulima atawaza nondo. Andika "metali nzito", kisha uzitaje: kadimi, zebaki, risasi. (Risasi uifafanue, usije ukaulizwa nani kapiga bunduki shambani.)

Kilichonikera zaidi ni hilo "zinazofunga", kwa kuwa hapo hakuna mlango wala kamba. Protini unazozisema ni metalothionini, jamii iliyogunduliwa mwaka 1957 katika figo ya farasi, na baadaye ikaonekana kwenye mimea pia, ngano ikiwemo. Zimejaa sisteini, asidi amino (tofali la kujengea protini) yenye salfa, na salfa hiyo ndiyo inayoing'ang'ania metali. Ni salfa ile ile mnayopuliza mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Mfano huo uuweke, wakulima wako wataudaka mara moja.

Watoto wa pwani tuliotega ndege kwa ulimbo tunalo neno la kazi hii. Ndege akitua hunasa, na ulimbo nao humnasa: kitenzi kile kile kwa mtegaji na kwa mtegwa, bila kuongeza kiambishi. Basi "kadimi imenasa" ni sawa, na "protini imenasa kadimi" ni sawa. Lakini zinki mmea unaihitaji, na katika kiini cha mbegu ya ngano imo protini ya jamii hii inayoishika zinki. Hapo "kunasa" kumezidi ukali. Sema "hushikilia", maana kinachoshikiliwa huweza kuachiwa. Mhariri wako atataka kitenzi kimoja kote. Mkatalie.

"Chini ya msongo" inanuka tafsiri. Magugu yakizidi, mkulima husema yameusonga mtama. Kitenzi kiko shambani tayari. Ningeandika hivi: "Jeni za nafaka zinazotengeneza protini za kunasa metali nzito, mmea unaposongwa nazo". Ni kirefu kwa kichwa cha kipeperushi, najua. Punguza ukubwa wa herufi.

Umeandika pia, katika aya uliyoniambatishia, kuwa baadhi ya jeni hizo "hujieleza zaidi" kadimi inapoongezeka. Anayejieleza ni mtu aliyekamatwa na mgambo. Jeni huamka, au hufanya kazi zaidi, na protini zikaongezeka. Na wingi wake ni "jeni" hivyo hivyo, si "majeni" kama ulivyoandika mara mbili. Herufi moja ikiteleza kwa mchapaji, kipeperushi kizima kitakuwa cha majini.