Bodi ya kurunzi: anza na betri, mwanga utafuata

Kurunzi iliyonifundisha kazi hii ni ya mama. Anaishi Muheza, anaamka kabla hapajapambazuka kuangalia kuku wake, na kila kurunzi ya dukani niliyompelekea ilimfanyia jambo lile lile: inawaka kwa nguvu siku za mwanzo, ukibonyeza swichi inakupitisha kwenye mwanga wa kumetameta ambao hakuna aliyeuomba, na betri ikichoka inazima ghafla akiwa katikati ya uwanja. Nikaamua kufungua moja, kutoa bodi iliyomo, yaani kipande chenye vifaa vya umeme vinavyoendesha taa, na kumtengenezea nyingine. Imenichukua bodi nne kufika ninapopataka, na haya ndiyo ningependa mtu aniambie kabla ya ile ya kwanza.

Usianze kwa kuuliza kurunzi itawaka kwa ukali gani. Anza na betri. Betri ya 18650, ile ya lithiamu ya duara inayochajiwa, ina volti 4.2 ikijaa, na mimi siiruhusu kushuka chini ya 3.0. LED nyeupe ya kawaida inataka volti tatu na kidogo. Kwa hiyo kinachobaki kati ya betri na LED ni volti moja hivi, na hicho ndicho bodi yako inapaswa kukisimamia. Kwa kazi hiyo bado sijaona kitu rahisi kuliko AMC7135, chipu ndogo ya miguu mitatu inayopitisha miliampea 350 na haizidishi. Ukipanga nne sambamba unapata ampea 1.4, mwanga wa kutosha kabisa kuvuka uwanja au kufungua boneti ya gari usiku. Wengi wetu hukimbilia transista ya MOSFET, ambayo ikifunguka inaiachia betri impe LED kila ilicho nacho, na kinachozuia ni ukinzani wa waya na springi tu. Inang'aa kweli. Lakini kwa bodi ya kwanza iache, kwa sababu kosa dogo la programu linaunguza LED kabla hujajua umekosea wapi.

Sasa piga hesabu ya joto. Betri ikiwa imejaa na LED ikachukua volti 3.2, kila AMC7135 inabaki na volti 1 ya kuigeuza joto: volti 1 mara ampea 0.35 ni wati 0.35. Chipu nne ni wati 1.4 kwenye kibodi kisichozidi upana wa kidole gumba. Joto hilo lina njia moja tu ya kutokea. Ule ulimi mpana wa chuma mgongoni mwa AMC7135 umeunganishwa na mguu wake wa hasi, na pete ya shaba ukingoni mwa bodi, inayogusa mwili wa kurunzi, nayo ni hasi. Basi chora shaba pana, isiyokatwa, kutoka kwenye ulimi hadi kwenye pete. Bodi yangu ya pili niliunganisha sehemu hizo kwa njia nyembamba kama uzi kwa sababu ilionekana nadhifu kwenye kioo cha kompyuta. Ndani ya dakika mbili mwanga ulianza kufifia wenyewe na chipu zilikuwa hazishikiki.

Nachora kwa KiCad, programu ya kompyuta ya kuchora bodi, ambayo ni ya bure. Kabla ya kutuma mafaili kiwandani, chapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, uukate kwa mkasi na uuweke ndani ya kurunzi. Bodi nyingi za kurunzi za namna hii zina kipenyo cha milimita 17, lakini pima ya kwako. Usiamini maelezo ya muuzaji. Kisha weka chipu zenyewe juu ya ile karatasi, moja moja. Ningefanya hivyo mapema ningeokoa wiki nyingi za kusubiri kifurushi, maana ATtiny85, chipu inayobeba programu ya kurunzi, inayouzwa kwa wingi, ile yenye SU mwishoni mwa jina, ina mwili mpana kuliko chipu za kawaida za miguu minane. Nilichora nafasi nyembamba. Bodi zilipofika, miguu ilikuwa imepita shaba pande zote mbili, na ilibidi niikunje kwa ndani kwa koleo, mguu mmoja baada ya mwingine, ndipo nilehemu.

Katika mpangilio wa chipu kuna jambo moja ambalo sitaliacha tena: AMC7135 moja iwe peke yake kwenye mguu wa 5 wa ATtiny85, na tatu zilizobaki ziwe pamoja kwenye mguu wa 6. Miguu yote miwili inaweza kutoa PWM, yaani kuwasha na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliioni. Mwanga mdogo unautoa kwa ile moja, unakuwa laini na unadumu usiku kucha. Mkubwa unaziita zote.

Kuhusu programu, natumia USBasp, kifaa cha kupakia programu kwenye chipu kutoka kwenye kompyuta, kibanio cha miguu minane na avrdude, programu ya kompyuta inayokiendesha kifaa hicho. Toa betri kwanza, kila mara. USBasp inaweza kupeleka volti 5, na betri ya lithiamu haipaswi kupewa volti hizo hata kwa sekunde.

Programu ya kwanza kupakia isiwe ile uliyoiota. Iwe ya kuwasha LED sekunde moja na kuizima sekunde moja, basi. Kaa na saa uhesabu. Ikiwa inakaa sekunde nane badala ya moja, hujakosea programu: ATtiny85 hutoka kiwandani ikiwa imewekewa fyuzi (si ya umeme, ni mpangilio wa kudumu ndani ya chipu) inayogawa kasi yake kwa nane, kwa hiyo inakwenda megahezi 1 badala ya 8. Mimi nilikuwa nimeruka jaribio hilo nikaenda moja kwa moja kwenye PWM, nikabaki na kurunzi inayolia kama mbu sikioni. Kwa megahezi 1, PWM ya kasi inapiga karibu mara 3,900 kwa sekunde, na hiyo masikio yetu yanaisikia. Kwa megahezi 8 inapanda hadi 31,250 na kimya kinarudi. Fyuzi za ndani ya chipu ziguse kwa hadhari. Ukiugeuza mguu wa 1, ule wa kuanzisha upya, kuwa mguu wa kawaida, USBasp haitaingia tena. Utahitaji kifaa cha kupeleka volti 12 kwenye mguu huo ili kuirudisha.

Kipimo cha betri ndicho kilichonitesa zaidi. Unaweka rezista mbili, kiloomu 22 juu na 4.7 chini, zikianzia kabla ya dayodi ya kinga (ile inayoilinda chipu betri ikiwekwa kinyume), na katikati yake, ambako volti ya betri imepunguzwa, unapeleka kwenye mguu wa 7 wa ATtiny85. Chipu inalinganisha na volti 1.1 ya ndani yake na kutoa jibu kwa namba. Kwa hesabu, betri ya volti 3.0 inatoa 122 kati ya 256. Niliandika 122 kwenye programu, nikatengeneza kurunzi mbili zinazofanana kila kitu. Moja ilikata kwenye 3.13, nyingine ikaendelea hadi 2.80. Nilibadilisha rezista, nikalehemu upya, hakuna kilichobadilika. Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya maelezo ya chipu muda wote: hiyo volti 1.1 inaruhusiwa kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2, kila chipu na yake. Kwa hiyo kila bodi lazima ipimwe peke yake. Naipa volti 3.0 kamili kutoka kwenye chanzo cha umeme cha mezani, nahakikisha kwa mita, nasoma namba inayotoka, na naihifadhi kwenye EEPROM, kumbukumbu ya chipu isiyofutika umeme ukikatika.

Na namba hiyo ikifikiwa, usizime. Betri yenye mzigo mkubwa hushuka volti kwa muda, na ukipunguza mzigo hupanda tena. Ya mama inashuka ngazi moja na kukonyeza mara mbili, ikifika tena inashuka nyingine, hadi inabaki ile AMC7135 moja kwa mwanga hafifu. Ikigusa namba hapo ndipo inazima, na kabla ya hapo imeshamfikisha mlangoni. Mwezi uliopita alinipigia simu: "Baba, taa yako imenikonyeza." Nikamwambia aiweke chaji.

Nyuma ya kila bodi sasa naandika namba yake kwa kalamu ya wino usiofutika kabla sijaifunga. Ya mama ni 131. Yangu ni 117.